Mwaka Nyange Walipomchagua Wambui

Utotoni nilimwonea wivu mtu mmoja tu, lakini nilimwonea barabara. Alikuwa binamu yangu Wambui, aliyeletwa kwa Cucu, bibi yetu niliyeishi naye mtaa wa Landless, Thika, baada ya mama yake kufariki. Tulilala kitanda kimoja. Mama yangu mimi aliuza nyanya soko la Githurai 45 na kuja kutuona kila mwisho wa mwezi.

Oktoba, vuli ikikaribia, kinamasi kilichokuwa chini ya mtaa kilijaa ndege. Walikuja korongo, bata wa kila aina, na vijindege vya miguu mirefu ambavyo Wazungu walifunga safari kuja kuvitazama kwa darubini, ilhali vilitoka huko huko kwao. Sisi watoto tuliwangoja nyange. Jioni walipopita kwa makundi kwenda kulala, tulikimbia chini yao tukitikisa vidole: "Nyange, nipe nyeupe!" Ukipata alama nyeupe kwenye kucha, Cucu alisema, utapata nguo mpya au safari.

Mwaka huo safari ilikuwepo kweli. Tata, shangazi yetu wa Ruiru mwenye televisheni na choo cha ndani, alitaka kuchukua mtoto mmoja akae naye, asome huko. Cucu akatangaza kwamba nyange ndio wataamua, na kucha zitakaguliwa Jumapili.

Wambui hakujisumbua. Tangu mazishi alikuwa anasimama tu kando, mikono mfukoni. Mimi niliteremka hadi kwenye ua wa mabwawa ya maji taka, walikojaa nyange zaidi. Palikuwa na kibao kinachokataza kuingia, kuvua na kupiga picha, na askari aliyelinda maji yale kana kwamba kuna mtu angeyaiba.

"Uko na barua?" akauliza.

"Barua ya nini?"

"Ya kuingia."

"Siingii. Nataka tu nyange wanipe kucha."

Akakisoma kibao upya, polepole. "Kucha hawajaandika," akasema. Nyange walipopita juu yetu, akaegemeza rungu kwenye ua na kunyoosha vidole vyake pia. "Hata mimi nangoja transfa."

Siku chache baadaye doa jeupe likatokea kwenye kidole gumba changu. Nililificha ndani ya ngumi, nikakataa hata kuosha vyombo.

Jumapili Tata alifika, na Cucu akatuita mlangoni penye mwanga. Alianza na Wambui. Akazigeuzageuza kucha zake, ambazo mimi sikuona kitu juu yazo isipokuwa ugali mkavu.

"Ni huyu," akasema.

"Cucu, hata hana. Ona yangu."

"Hiyo ni chokaa."

"Si chokaa. Sugua uone."

"Njeri, nyange wameshaongea."

Wambui alizitazama kucha zake kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. "Usilie," akasema. "Nitakuwa nakuja kukuambia vile katuni ziliisha." Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka tangu aje kwetu. Nilimwombea kucha zote zidondoke.

Tangu hapo nimekaa kwenye kamati za kutosha za kumtafuta mtu wa kazi ambaye tayari ameshapatikana, kwa hiyo utaratibu wa Cucu naufahamu. Tata alikuwa amemchagua Wambui tangu matanga. Lakini mtoto kama yule utamwambiaje, twende kwa sababu huna mama? Angefika Ruiru akiwa wa kuhurumiwa. Badala yake aliondoka kama mshindi, na mshindi anahitaji mtu wa kumshinda, anayelia kwa dhati. Kazi hiyo nilipewa mimi bila kuombwa, na niliifanya vizuri.

Wakati mwingine hufikiri ingekuwa heri Cucu angeninong'oneza ukweli. Kisha naona alivyofanya ni sawa. Ningejua, ningemwonea Wambui huruma, na hiyo alikuwa ameshapewa na kila mtu.