Chumba Chenye Mtu

Wanunuzi wa nyumba za Kariakoo hawataki nyumba yenye mtu ndani. Nyumba yenyewe hata hawaiangalii. Paa likivuja, ukuta ukiwa umepasuka, kwao sawa tu, maana wataibomoa wapandishe ghorofa. Wanachouliza ni kama watu wameshahama. Nimezaliwa Kariakoo, jambo hilo nalijua tangu utotoni, na bado ndugu zangu walinipiga chenga mchana kweupe.

Nyumba yetu ilikuwa karibu na Msimbazi, ya kizamani, vyumba huku na huku na ukumbi katikati. Mama alipopooza, kaka alikuwa na familia yake Goba, dada ana duka lake la vitenge, kwa hiyo mimi, nisiye na mume wala duka, ndiye niliyeonekana niko tu. Nilimwogesha, nikamgeuza, nikamlisha uji kwa kijiko kwa miaka. Nilimleta fundi wa kuchomelea kutoka Ilala akafunga bomba la chuma ukutani, mama alishike anapotaka kukaa. Wenzangu walikuja Idi kwa Idi, wakanisifu, wakaondoka.

Kilichotuchekesha mle chumbani kilikuwa simu yangu. Kuna kambi huko Thailand inayotunza tembo wazee, waliochakazwa na kazi ya kuburuta magogo na kubeba watalii, na wenye kambi walikuwa wakirusha video zao mtandaoni. Mama alimpenda mmoja, jike kipofu asiye na meno. Asubuhi, kabla ya kuuliza habari za mwanadamu yeyote, ataniuliza, "Yule bibi mwenzangu ameshakula?" Basi nitamtafuta tumwone akila.

Mama akafariki. Tulipomaliza arobaini tu, kaka akaitisha kikao: nyumba iuzwe, kila mtu achukue chake. Nikasema sitoki. Sikuwa na haja ya fedha zao. Nilitaka chumba kile na ua ule, mahali pekee duniani ninapoweza kutembea umeme ukikatika bila kujikwaa. Kaka hakugombana na mimi. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mirathi, dada alikwisha kukubali, kikwazo kilichobaki ni mimi na godoro langu.

Miezi ikapita kimya. Siku moja dada akaja na keki.

"Umeteseka sana na mama, mdogo wangu," akasema. "Tumekaa na kaka tumeona na wewe upumzike. Si ulikuwa unawapenda wale tembo? Tunakuchangia, nenda kawaone."

Kambi ile hupokea watu wa kujitolea, ila anayejitolea anajilipia mwenyewe chakula na malazi. Kaka na dada watavilipa vyote, na tiketi ya ndege juu. Watu ambao mama akiwa hai hawakumletea hata pakiti ya pampasi. Nililia kwa furaha, nikamkumbatia dada mpaka krimu ya keki ikampaka gauni. Kila nikikumbuka kumbatio lile natamani kujizaba kofi.

Jirani yetu wa mbele, mama wa Kichaga anayeuza vyombo kwa jumla, hakuelewa kabisa. "Yaani dada, upande ndege ukazoe mavi ya tembo? Si uende Mikumi tu hapo?" Kisha akaona asiache safari ipotee bure, akaniagiza sampuli za sufuria. Kariakoo mtu haendi Thailand akarudi mikono mitupu.

Nyumbani ikapikwa pilau, ikasomwa dua. Kwetu msafiri humwachia mkubwa wake ufunguo, na mkubwa wangu ni kaka. Nikampa ufunguo wa chumba mbele ya watu wote. Aliupokea kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa.

Huko kambini nilimkuta yule tembo bibi mwenzake mama, mzee kuliko alivyoonekana kwenye simu, ngozi imemning'inia mapajani. Nilipangwa kumtengenezea matonge ya wali na ukwaju, kwa kuwa hakuwa na cha kutafunia. Unamtia tonge, unasubiri ameze, ndipo unatia jingine. Sikuhitaji kufundishwa. Nilipenda kazi ile, hata ya kuzoa mavi, na jioni nilimpigia kaka kumwambia jinsi mama angefurahi. Alinisikiliza vizuri sana. Aliniuliza kama siwezi kuongeza muda, na gharama asingeniachia mimi. Nikaongeza.

Nikiwa huko walijenga upya zizi la yule bibi. Walibomoa kila kitu isipokuwa nguzo moja iliyooza, kwa sababu ndiyo aliyozoea kujikunia na kwayo alijua amefika kwake. Mafundi walinung'unika, lakini wakajenga kuizunguka.

Niliporudi kaka alikuja kunipokea uwanja wa ndege, mtu ambaye hajawahi kumpokea yeyote. Tulipofika mjini hakukunja kuelekea Kariakoo. "Fikia kwangu kwanza, upumzike," akasema. Nilikuwa nimechoka, nikakubali. Kesho yake nikashuka Mnazi Mmoja nikatembea kwa miguu na mfuko wangu wa sufuria.

Penye nyumba yetu palikuwa na uzio wa mabati ya buluu. Nikachungulia penye tundu, nikaona shimo, na chini ya shimo maji ya udongo.

Jirani alitoka dukani, safari hii hakucheka. "Walituambia umekubali, ndiyo maana umesafiri," akasema. Akaingia stoo akaniletea lile bomba la chuma la mama, bado lina plasta ya ukuta. "Wale wa chuma chakavu walishalipakia kwenye mkokoteni. Nikawaambia hili la mama, liacheni." Nikampa sufuria zake, nikalibeba bomba.

Kaka alisema sehemu yangu ipo, hakuna aliyenidhulumu. Na kweli ilikuwepo, alinipa yote. Ndiyo maana sina pa kwenda kushtaki, na ndiyo maana sijamsamehe.

Sasa nimepanga chumba kimoja Ilala. Bomba liko kwenye kona, mwenye nyumba hataki nitoboe ukuta. Kwenye grupu la familia bado wanaweka picha yangu na yule tembo, wanaandika kwamba mdogo wao ana moyo wa huruma.

Mwezi uliopita kaka naye alipooza upande mmoja. Dada alinipigia, sauti ileile ya siku ya keki.

"Tumekaa kikao jana, mdogo wangu. Mkewe anashinda kazini, na wewe ndiye mwenye uzoefu, mpaka tembo umewahudumia. Tumeona tumlete kwako."

Nikamwambia haiwezekani, chumba changu kina mtu.

"Mtu gani tena?" akauliza.

"Mimi," nikamwambia.