Maharage Yangu Yameonewa Huruma

Nani aliwaambia majirani zangu kwamba kila jani lililolala linaomba maji?

Siku kumi na sita nimeyanyima maji maharage yangu hapa Kabuga. Makusudi! Aina nne, kila moja na ndoo yake, juu turubai mvua isiyaguse. Nataka kujua ipi inavumilia ukame kabla mama yangu hajapanda shambani.

Leo asubuhi tulikuwa umuganda, ile kazi ya pamoja, mtaa mzima tunazibua mtaro. Tukamaliza. Jirani yangu Mama Keza akaona nguvu bado anazo.

Akaingia uani kwangu na jerikeni.

Nafika, udongo chapachapa.

"Yewe, majani ilikuwa imelala kabisa!" anacheka. "Nimekusaidia, sha. Umuganda ni umuganda."

Nikakaa palepale kwenye matope. Siku kumi na sita, jamani!

Nikamuuliza, meno yamebanana: "Umemwagia ndoo zote?"

"Hapana. Ile nyekundu iko sawa tu. Ya nini kupoteza maji?"

Nikaenda kuangalia. Udongo mkavu kama unga. Majani yamesimama, kijani.

Mama atapanda ya ndoo nyekundu.

Na Mama Keza anasubiri asante yake. Mimi bado nina hasira. Nifanyeje?