Mkandaji wa Mkate na Aya ya Ng'ombe

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, ndani ya bekari moja, mikono ya mama mmoja imezama kwenye unga hadi viwikoni. Anakanda, anakunja, anageuza, anakanda tena. Ukutani mbele yake pana karatasi yenye maandishi mekundu: NI MARUFUKU KULA KAZINI.

"Miaka kumi na minne nakanda hapa," anasema bila kuinua kichwa. "Mkate wetu ukiwa wa moto sijui una ladha gani. Wewe unayenunua dukani umenishinda."

Yeye na wenzake wanne hukanda magunia matatu ya unga kwa siku. Wanaingia saa kumi na moja alfajiri, wanatoka saa tisa alasiri, na katikati hapo kuna kikombe cha chai kavu. Hata mkate uliovunjika hauguswi. Unakwenda kwa wafuga kuku. Langoni mikoba inapekuliwa.

Mwenye bekari ni mzee wa kanisa. Kila asubuhi huwakusanya wafanyakazi kwa sala, na mmoja wao husoma aya kwa zamu. Wengi huchagua zile za baraka, naye bosi huitikia amina kwa sauti nzito.

Miezi mitano iliyopita, zamu ya mama huyu ilipofika, alifungua Torati akasoma ile aya fupi inayokataza kumfunga ng'ombe kinywa wakati anapura nafaka. Akakaa. Bosi akasema amina, kisha akauliza kama kuna mtu hapo anafuga ng'ombe.

Zamu iliyofuata alisoma hiyohiyo. Na iliyofuata. Wenzake wakaanza kumwita Mama Ng'ombe, naye huitika. Bosi akamweleza, kwa upole wa kuchosha, kwamba hayo yalikuwa mambo ya wakulima wa kale, achague aya yenye uzito zaidi. Yenye uzito kuliko njaa, mama anasema, bado hajaipata.

"Ni mstari mmoja tu. Nilikuwa naupita kama kila mtu. Halafu siku moja nikawaza: Mungu ana mbingu na nchi za kuangalia, amepata wapi nafasi ya kutazama mdomo wa ng'ombe? Basi na wangu ameuona."

Mwezi uliopita mambo yaliharibika. Kila mtu alidhani mwenzake ameshatia chumvi, na mikate mia sita ikatoka haina hata chembe. Kabla ya adhuhuri maduka yalikuwa yameirudisha. Bosi akaja amefura, akawapanga mstari, akauliza inakuwaje watu watano wasijue mkate hauna chumvi. Hivi hakuna aliyeonja?

Wote wakaitazama ile karatasi ukutani.

"Bosi, ng'ombe tumefungwa kinywa," Mama Ng'ombe akajibu.

Mtu angedhani hapo somo limeeleweka. Wapi. Kesho yake bosi alileta mwonjaji, tena shemeji yake. Huyo bwana hukaa kwenye stuli karibu na tanuri, hukatiwa kipande cha moto kila trei inapotoka, hutafuna macho yakiwa juu, kisha husema uko sawa. Siku mwandishi wa habari hii alipokuwapo, alisema hivyo mara tisa. Mara ya sita aliomba siagi.

Wafanyakazi nao wamefikiriwa: kila mmoja hupewa mkate wa jana anapotoka langoni. Bosi anaona amevuka hata kile aya inachodai, na hamwelewi mama aliyenuna.

"Hebu isome mwenyewe," anasema mama, safari hii ameacha kukanda. "Haisemi mpe ng'ombe makapi jioni ukishamfungua. Inasema anapopura. Wakati shingo imelowa jasho na nafaka iko chini ya miguu yake. Ukiniambia ningoje saa tisa, umenifunga kinywa vilevile, ila kwa adabu."

Wiki iliyopita jina lake liliondolewa kwenye orodha ya wasomaji. Asubuhi ya leo zamu ilikuwa ya mchoma mkate, mtu mkimya ambaye husoma zaburi ndefu hadi watu wanasinzia. Alisoma ule mstari mmoja wa ng'ombe, akakaa. Bosi hakusema amina. Kesho ni zamu ya mpanga trei, naye ameshaikariri aya hiyohiyo.

Mama Ng'ombe anasema hataki ugomvi wala cheo.

"Nataka kipande kimoja cha moto, nile nimesimama hapahapa kwenye meza yangu, unga ukiwa bado mikononi. Nikishakila, nitawasomea aya nyingine. Ziko nzuri nyingi tu."