Bega la Mbuzi na Kisu cha Jiwe: Safari Yangu ya Kwenda Maua

Nilitoka nyumbani kwa sababu ya mdomo wangu. Nilikuwa nachimba shimo la kahawa nikapata kijiwe cheusi, kinang'aa, kina makali pande mbili na ncha mbele. Jumapili nikamwonyesha Mzee Njeru, babu wa kijana anayemwoa mjukuu wangu Wanja. Nikamwambia hiki ni kisu cha watu wa zamani. Alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

"Baba Karimi, hiyo ni chupa ya bia! Labda uliinywa wewe mwenyewe."

Basi nikasimama mbele ya wakwe wote nikasema Jumamosi, siku ya mahari, nitakata bega la mbuzi kwa jiwe nililochonga kwa mkono wangu, na nikishindwa akate yeye. Sasa, katika ukoo wetu bega hilo hukatwa na babu wa msichana, nyumbani kwake, watu wote wakitazama. Kumwachia mkwe ni kama kumvulia suruali. Wanja alinivuta kando: "Guka, umefanya nini?" Hata mimi nilikuwa najiuliza.

Jumatatu asubuhi, Runyenjes. Nilikuwa nimesikia habari za Mama Kanana wa Maua, aliyewapikia watafiti wa mawe ya watu wa zamani miaka mingi mpaka akajua kazi yao kuliko wao. Nikapanda pikapu ya Mutwiri, iliyokuwa imeshusha miraa Nairobi na inarudi tupu. Tupu, lakini ilivyokimbia!

"Kijana, tunakimbiza nini?"

"Mzee, ni mguu umezoea. Mimi mwenyewe sina haraka."

Kufika Chuka kofia yangu ikaruka ikaenda zake. Nilioa nikiwa na kofia hiyo. Mke wangu hakuipenda hata siku moja, kwa hivyo kuna mtu alifurahi.

Saa sita, Meru mjini. Mutwiri aliziba pancha huko Majengo, nami nikaomba pembe ya mbuzi kwa mwenye bucha, maana nilisikia inatumika kuchongea mawe. "Ya nini, mzee? Unaenda kupiga parapanda?" Nikamsimulia habari yote. Akanipa mbili.

Jioni, Maua. Mama Kanana ni mwanamke mfupi, ana miwani ya mchomelea vyuma, na nyuma ya jikoni ana rundo la mawe meusi ambayo madereva humletea kutoka Naivasha.

"Umewahi kushika jiwe?" akaniuliza.

"Mama, nimeponda kokoto miaka thelathini!"

Akashika kichwa. "Basi tuna kazi."

Jumanne nilielewa. Alinipa jiwe zuri, kubwa kama kichwa cha kabichi. Nikainua nyundo, nikalipiga katikati kwa roho yangu yote. Likawa vumbi na vipande visivyo na maana.

"Mzee! Hapa hatujengi barabara!"

Jumatano nikamaliza mengine matatu. Mkono ulikataa kabisa kusahau kokoto. Mama Kanana akaninyang'anya nyundo akanipa jiwe la mtoni, laini, la kujaa kiganja. Akaniwekea ngozi pajani. "Sugua ukingo kwanza, usiwe mwembamba ukavunjika. Halafu gonga pembeni, si katikati. Gonga kama unabisha hodi kwa mtu unayemheshimu, si kama polisi."

Alhamisi, kabla ya chai ya saa nne, nikabisha hodi. Jiwe likasema *tingi!* na wembe mwembamba wa jiwe ukadondoka kwenye ngozi, mrefu kama kidole, unapitisha mwanga. Nilicheza! Mimi, na ndevu zote hizi nyeupe, nikazunguka jiko nikiimba mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani. Kisha nikachukua ncha ya pembe, nikaubonyeza ukingoni kidogo kidogo, vigamba vikitoka kama vya samaki.

Ijumaa nikashuka na Mutwiri, kisu ndani ya soksi, soksi ndani ya jani la mgomba.

"Polepole, kijana. Hili ni yai."

"Na miraa ni maziwa, mzee. Inaharibika." Tukaruka matuta yote mpaka Runyenjes.

Jumamosi, nyumbani. Mbuzi ameiva, watu wamejaa, na Mzee Njeru anapaza sauti: "Ileteni chupa!" Nikatoa soksi. Nyama ya juu ikafunguka kama karatasi, ya ndani ikafuata, watu wakasogea karibu. Kwenye kiungo kisu kikakwama. Mkono ukataka kokoto. Nilisikia unataka! Wanja alikuwa amefumba macho. Nikaulegeza, nikatafuta mshipa wa kiungo, nikakivuta kisu juu yake mara moja tu. Tik! Ncha ikakatika, lakini bega lilikuwa mkononi mwangu. Vigelegele havikuisha upesi. Mzee Njeru akapapasa makali, akatazama damu kidoleni.

"Chupa imeniuma," akasema.

Nikamwambia akae, nimkatie kipande kikubwa.

Nilichojifunza ni kwamba nimepiga mawe miaka thelathini bila kuyauliza yanataka kupasukia wapi. Na jambo la pili: tafuta ncha kabla ya kugawa nyama. Ile ncha haikuonekana. Ilibidi niwatangazie, na sijawahi kuona wakwe wakitafuna kwa adabu namna ile.