Vumbi la Upande Wetu

Mwanangu wa kwanza alizaliwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Alipofika miezi mitatu alikuwa bado haniangalii. Aliangalia dirisha. Katikati ya kila mboni palikuwa na weupe, kama tone la maziwa.

Mama mkwe, aliyekuja kwetu Njoro kutoka Sanya Juu kunipikia mtori, alimgeuza mtoto kwenye mwanga.

"Kwetu hakuna macho ya namna hii."

"Hata kwetu hakuna, mama."

"Ulizeni vizuri."

Hospitalini daktari alisema ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, kazaliwa nao, na apasuliwe mapema kabla ubongo haujazoea kutoona. Kisha akaomba atupime na sisi. Mume wangu hakuwa na kitu. Mama mkwe hakuitwa, lakini alikwenda akaweka kidevu kwenye mashine. Naye hakuwa na kitu. Alichelewa kidogo kuondoka pale.

Ilipofika zamu yangu, daktari aliangalia mara mbili.

"Usiku ukitazama taa za gari, zikoje?"

"Zina miale pembeni, kama za watu wote."

"Watu wote hawaoni hivyo, mama."

Nilimgeukia mume wangu. Akatikisa kichwa. Miaka minne ya ndoa, hatukuwahi kuzungumzia taa.

Lenzi zangu zilikuwa na vumbi jeupe. Daktari alieleza kwamba lenzi haina mishipa ya damu. Chembe zake hupitishiana chakula na chumvi kwa matundu madogo sana. Katika familia nyingine, wataalamu walikuwa wamegundua kwamba maelekezo ya kuunda matundu hayo yana kosa, na mzazi humrithisha mtoto. La kwetu hakuweza kulipima, ila lilifanana.

"Nani kakosea?" mama mkwe akauliza.

"Hakuna aliyekosea, mama."

"Lakini ni upande wao."

"Ni upande wao."

Nilijisikia kama mwizi aliyekamatwa na kitu asichojua amekibeba. Mama mkwe hakusema "nilikwambia". Alimchukua mtoto mikononi mwangu, akambeba mpaka nyumbani.

Ndipo tukamfikiria mama yangu, aliyekuwa peke yake kihambani, kwenye shamba la ukoo. Ukoo mzima ulimjua kwa uzembe. Alipiga teke ndoo za maziwa, na alipita watu njiani bila salamu.

"Ni uzee," alisema tulipomfuata.

"Tangu ukiwa msichana?"

Alikuja. Mtoto alipasuliwa kwanza, yeye baadaye. Bandeji ilipotolewa, mume wangu aliinama: "Shikamoo mama." Mama alimtazama kwa muda mrefu. Huyu ndiye mkwe aliyemkubali bila swali, akisema ana sura nzuri.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Basi, una heshima."

Mtoto alipewa miwani mizito, tukaifunga kisogoni kwa mpira wa kushonea nguo. Siku ya kwanza alinikazia macho, kisha akalia. Nilimwelewa.

Nilipojifungua wa pili, mama mkwe alifika na tochi. Alimmulika kabla ya kuuliza kama ni wa kike au wa kiume. Hakuona kitu. Hospitali iliona: vumbi kidogo kama langu, la kuangaliwa tu kila mwaka. Huyo wa pili hajawahi kuvaa miwani. Mkubwa, jicho la kushoto halikukaa sawa. La kulia linamtosha kusoma, na anasoma akiwa ameinamisha kichwa upande, jambo ambalo walimu wake walidhani ni kiburi.