Bibi Aliyepiga Yowe Kiseke

Sikulazimishi uamini. Ila kama unabisha, panda kivuko uvuke mpaka Kamanga, ukifika ulizia kwa Deo, mdogo wangu wa mwisho. Mwangalie jicho la kushoto. Halipo. Halafu ndiyo urudi uniambie kwamba haya ninayokusimulia ni ya kutunga.

Mimi naishi Kiseke, mtaa wa watu waliojenga juzijuzi. Geti, tangi la maji, mbwa, kila mtu na lake. Kitu kimoja tu kilikuwa kinatuunganisha, nacho ni yowe. Wasukuma wanaliita mwano. Likipigwa, unatoka na chochote ulichonacho mkononi, uwe Mhaya, Mjita au Mkerewe. Usipotoka, kesho yake unaitwa kwa mwenyekiti wa mtaa ueleze ulikuwa wapi, na hata ukifiwa hutaona mtu kwako. Tulijivunia sana jambo hilo. Wezi walikuwa wanauruka mtaa wetu wanakwenda kuiba mbele.

Deo alikuja kunisalimia mchana mmoja, na samaki wake, sato, kwenye ndoo. Jirani na kwangu kuna kiwanja ambacho mwenyewe yuko Dar, nyasi zilikuwa zimefika kifuani, na wiki hiyo nyoka alikuwa ameingia jikoni kwangu. Nikampa Deo panga, nikamwomba afyeke upande wa ukuta wangu kabla giza halijaingia. Mimi nikarudi uani kutwanga karanga. Hapo mtaani hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwona.

Jua lilikuwa linazama niliposikia yowe la mwanamke. Niamini, mayowe nimeyasikia mengi, lakini lile lilinisimamisha nywele. Lilikuwa yowe la mtu anayekatwa. Nikatoka na mchi wangu. Mageti yalikuwa yanafunguliwa mtaa mzima, watu wanakimbilia kiwanjani na nondo, mawe, mipini ya majembe. Geti langu linatazama upande wa pili, kwa hiyo nilipomaliza kuuzunguka ukuta walikuwa wameshamwangusha mtu na wanampiga. Walikuwa hawasemi kitu, wanahema tu. Nilisikia mfupa ukivunjika kwenye mguu wake, na bado wakaendelea. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa ameinama kwenye pikipiki yake, anakinga petroli kwa chupa ya maji.

Nyuma ya watu alisimama bibi mmoja amejifunga kaniki, macho mekundu kama ya mtu aliyeshinda kwenye moshi. Mtu utampitaje mzee bila salamu? Hata katika vurugu ile nilisema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu."

Nikamuuliza amefanywa nini.

"Amekuja na panga mlangoni kwangu," akasema. Akawatazama waliokuwa wanapiga, mmoja mmoja, kama anayetaka kuzikumbuka sura zao. "Leo mmetoka."

Mlango upi? Pale hapakuwa na nyumba, kulikuwa na nyasi tu. Nilipotaka kumuuliza alikuwa ameshanipa kisogo, na kisogo chenyewe, ndugu yangu, kilikuwa kimepasuliwa kwa panga kutoka sikio hadi sikio. Kidonda kikavu, hakina hata tone la damu. Akaingia kwenye nyasi zilizobaki, na nyasi hazikutikisika.

Nikageuka niwaite watu waone. Ndipo nikaliona shati katikati ya miguu yao. Lilikuwa shati la Deo, nililomshonea kwa mkono wangu.

Sijui nilipitaje. Nilimlalia mdogo wangu, na nondo iliyokuwa inashuka kwake ikanipata mimi begani. Nikawa napiga kelele kwamba huyu ni damu yangu, na hakuna aliyesikia. Aliyetuokoa ni Mama Neema, mwenye duka la kona. Alikwenda akasimama mbele ya yule kijana wa petroli, akamwambia kama anawasha, aanze na yeye. Hapo ndipo mikono iliposhuka.

Mtu mmoja akauliza aliyepiga yowe yuko wapi. Kila mtu alikuwa amemwona bibi. Huyu alidhani ni mama mkwe wangu, yule alidhani ni mgeni wa Mama Neema. Walikuwa wamemtoa mtu jicho kwa neno la mwanamke ambaye hakuna aliyemjua.

Deo alipoweza kusema aliniambia kwamba hakufanya lolote zaidi ya kufyeka. Alikuta mawe matatu meusi kwa moshi, akayasogeza kwa mguu, na papo hapo yowe likapigwa nyuma yake.

Niliporudi kutoka hospitali nikaenda kwa Mama Kulwa, ambaye wazazi wake walilima pale kabla viwanja havijapimwa. Nilipomtajia kaniki na macho mekundu akakaa chini. Akanisimulia kwamba pale palikuwa na nyumba ya bibi mmoja mjane, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa mavi makavu ya ng'ombe aliyokuwa anapikia, na watu wakasema ni mchawi. Wanaume wakamjia na mapanga jua likizama. Alipiga yowe mpaka sauti ikakatwa, na majirani wote walisikia. Mama Kulwa alikuwa mdogo. Anakumbuka baba yake ameegemeza mgongo kwenye mlango ili asitoke mtu.

Tuliita mchungaji, tukaita na shehe. Mawe tukayarudisha palepale yalipokuwa. Haikusaidia. Yowe liliendelea kupigwa, si kila siku, ila likipigwa ni jua likizama. Basi tukaacha kutoka. Tulikuwa tunaambiana ni yule bibi, tunaongeza sauti ya televisheni. Hata mwenyekiti hakuuliza tena mtu.

Halafu jioni moja likapigwa refu kuliko siku zote. Nilisikia. Mtaa mzima ulisikia. Nilisukuma komeo la mlango kwa huu mkono wangu mzima, nikarudi kukoroga uji.

Asubuhi tulimkuta Mama Neema nyuma ya kaunta ya duka lake, amekatwa shingoni. Alama za mikono yake zilikuwa mlangoni mpaka chini. Alikuwa amesimama mbele ya petroli kwa ajili ya mdogo wangu, na mimi nilikuwa hatua chache kutoka kwake, nakoroga uji. Sijajisamehe, na sitegemei.

Siku hizi jua likizama wanapiga yowe wawili. Sauti ya pili siulizi ni ya nani, naijua.

Wewe unayenisikiliza, siku ukifika mtaani kwetu ukasikia yowe, wenyeji watakuambia ukae, ni mambo yetu ya zamani. Usikae. Toka mikono mitupu, uliza kwanza ni nani na amefanywa nini, lakini toka. Maana mimi naishi peke yangu, na siku nikipiga yowe langu najua watasema ni wale wawili.