Koo la Ismae Sturrup

Naweka dau kofia yangu, na ni nzuri kuliko yako: hakuna atakayeamini habari hii.

Ismae Sturrup alitoka kwaya ya kanisa kule kisiwani Exuma, akaja Nassau kuimba jazi Taa ya Bluu, klabu ya huku kwetu nyuma ya kilima. Sauti nyembamba, tamu, mpaka Wamarekani wanasahau vinywaji vyao. Nyumbani alikuwa na Hosea Moxey, kuli wa bandarini, na wivu wa Hosea ulikuwa na ngumi. Alishamvunja ubavu, alishamchana nyusi. Ismae anapaka poda, huyo kazini.

"Jumamosi usipande jukwaani," Hosea akamwambia. "Ukipanda, hilo koo nitalinyamazisha."

"Nyamazisha kwanza tumbo lako, bwana. Limemaliza wali na mbaazi wa watu wawili."

Akala kofi. Jumamosi akapanda.

Siku hiyo ilishinda mvua, na ngozi ya mbuzi ya goma ikipata unyevu hulegea. Katikati ya wimbo goma la Cyril Bain, mpigaji wa klabu, likawa linalia kama ndoo. Cyril akatoka nalo uani kulipasha motoni, kama wapiga goma wetu wote, Ismae akabaki anaimba peke yake. Hosea alikuwa anangoja hapohapo. Akaruka jukwaani, akamtandika ngumi ya koo. Ismae akaenda chini, damu mdomoni, na Hosea juu yake anamkaba.

Cyril akarudi na goma la moto. Hakuuliza. Alimtwanga nalo Hosea, ngozi ikapasuka, kichwa kikazama ndani mpaka mabegani. Kilipochomoka, Ismae alishaokota chupa iliyovunjika. Akamchana shavu mpaka mfupa ukaonekana.

"Toka, ng'ombe wewe," alitaka kumwambia. Sauti haikutoka.

Hosea hakuonekana tena mtaani. Ismae akawa anakunywa mchuzi wa samaki kwa mrija, haongei. Bi Drusilla, mwenye klabu, akaleta msichana mwingine.

Jumamosi moja Ismae akapanda bila kuitwa, akamsukuma yule msichana kando, akafungua mdomo. Ikatoka sauti nzito, ya mikwaruzo, kama imeburutwa juu ya changarawe. Watu wakaacha kutafuna.

"Nani huyo?" mtalii mmoja akauliza.

"Ndiye yuleyule," Cyril akamjibu. "Kaa chini, baba."

Ismae akaimba hapo Taa ya Bluu mpaka nywele zake zikawa nyeupe.

Mimi nilishaitangazia klabu nzima kwamba hataimba tena. Nilikosea.